Mipaka ya Gasorwe Imefungiwa kwa Neno Moja

Magarama, Gitega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti kwanza ndipo uendelee. Goti la kushoto linaendeleaje tangu mvua zirudi? Na Bibi, bado anasusia maharage na kudai ugali wa muhogo kama wa kule Tanzania? Mpikieni anachotaka. Mimi mwili ni mzima, sina homa, ninakula. Nina hofu tu, na hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa niandike.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako inachajiwa dukani kwa Mzee Sabasi, na ukipokea pale unaweka sauti kubwa, duka zima linasikia. Habari hii inamhusu Mzee Sabasi kama inavyokuhusu wewe, na sitaki aipate kwa kuisikia juu ya magunia ya chumvi. Atakuletea barua yule fundi mwenzake Mjomba, anayekuja Gitega Jumanne kununua vipuri vya baiskeli. Isome peke yako kwanza.

Unakumbuka msimu uliopita, mwajiri wangu Bwana Melkiori alipokuja Gasorwe kupima mashamba ya kilima chetu. Unajua kuliko mimi ilivyochukua miaka mpaka wewe na Mzee Sabasi mkakubaliana mpaka upite wapi. Yeye alibaki akalima tulipokuwa ukimbizini. Sisi tulirudi tukakuta mihogo yake imefika mlangoni petu. Siku ile mlitembea pamoja, yeye mbele na wewe nyuma, mkionesha: hapa, na hapa, halafu pale kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nyuma yenu nimebeba vigingi. Mwishoni Mzee Sabasi alikukata kipande cha muwa, nawe ukakitafuna mbele yake. Nilirudi Gitega nikiwa na furaha mwezi mzima.

Sasa, Mama, vipimo vya siku ile havifunguki. Si vyako tu, vya kilima kizima. Na mtu aliyevifungia ni mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu ili usiongezewe na watu. Ofisini tuna kompyuta tatu, zote za zamani, zilizokuja nchini zikiwa zimekwisha kutumiwa na wazungu. Bwana Melkiori, ambaye sote tunamwita Patron, anazipenda kama watu wanavyopenda baiskeli ya kwanza. Tatizo ni kwamba kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, na wenye mfumo wa zamani walikwisha kutangaza kwamba hawautengenezi tena wala kuulinda. Mwanzoni hatukujali. Halafu programu yetu ya kuchora ramani ikaja na toleo jipya, na hilo likakataa kabisa kukaa juu ya mfumo wa zamani. Na mfumo mpya nao, ukijaribu kuuweka, unaichunguza mashine kwanza, kisha unaandika kwa upole kwamba kompyuta hii haikidhi masharti. Basi unafungiwa mlango huku na huku.

Fundi mmoja wa mjini alimwambia Patron anunue mpya. Patron alimfukuza.

"Machine iko nzima, taa inawaka, feni inazunguka," alituambia. "Halafu mtu wa mbali, hata hajaniona, ananiambia imekufa? Mi siziki kitu iko inapumua."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema, "Patron, nadhani ninaweza." Mama, ulinifundisha kutosema ninaweza mpaka niwe nimefanya. Lakini nilikuwa nimesoma habari hizo, na kule Kigoma nilimsaidia mwenzangu wa kozi kufanya jambo hilo hilo. Ipo njia ya kuuandaa mfumo mpya kwenye flashi ili usiulize mashine ina umri gani, kama vile mzee anayeandikishwa bila kutajwa mwaka wa kuzaliwa. Ukishaingia ndani, unafanya kazi vizuri. Unakuwa mzito kidogo kuamka asubuhi, basi.

Nilianza na kompyuta ya Zaituni. Huyu ni dada anayepokea wateja na kupanga mafaili, na baba yake, fundi cherehani, ndiye mwenye nyumba ninayopanga hapa Magarama. Zaituni amekuwa akinicheka tangu niingie ofisini, kwa sababu ya namna ninavyoandika kwenye kompyuta. Unakumbuka yule mwalimu wa kozi aliyetuagiza tuje na kitambaa cha kufunika mikono, ili vidole vijifunze herufi bila macho? Ulinikatia kipande cha kitenge chako cha bluu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Nilipokuja Burundi nikakuta vibao vya hapa vimepangwa Kifaransa, herufi nyingine zimehama nyumba, nikalazimika kuanza upya, nikiinamia kila herufi na kuibonyeza kwa kidole kimoja.

"We Mutanzania," Zaituni huniambia, "uko unaandika kama kuku inachagua muchele."

Lakini kompyuta yake ilipowaka na mfumo mpya, na programu ya ramani ikakubali kukaa, alipiga vigelegele mpaka wateja wakachungulia. Patron aliniita Onésime, jina langu kwa Kifaransa, kama anavyoniita akiwa amefurahi au amekasirika, akaniambia sasa nishughulikie yake.

Yake ndiyo yenye kila kitu. Vipimo haviko kwenye daftari, Mama. Kile chombo chake cha miguu mitatu huandika ndani yake chenyewe, kisha hukimwaga kilichoandikwa kwenye kompyuta, halafu kinafutwa ili kikapime kilima kingine. Kwa hiyo kabla ya kuisafisha mashine nilipaswa kuhamisha yote kwenye diski ndogo ya kubeba mkononi. Patron akasema vitu vya wateja haviwezi kukaa kwenye diski bila kufuli. Nikatengeneza humo kisanduku cha siri, ambacho hufunguka kwa neno moja tu. Neno alilichagua yeye. Aliliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akasimama nyuma ya bega langu akiishikilia karibu na kioo: *imbibezacu*. Ni Kirundi, maana yake mipaka yetu. Niliandika mara mbili kama kisanduku kinavyotaka. Ukiandika huoni herufi, unaona vitone tu. Vitone kumi, halafu vitone kumi, kisanduku kikakubali. Patron akaichana ile karatasi vipande vidogo, akavitia mfukoni.

Nilihamisha kila kitu. Nilihesabu mafaili kule yalikotoka na kule yalikofika, yakalingana. Nikafungua matatu nikaona yamefika salama. Kisha nikafuta kompyuta na kuweka mfumo mpya, na ukakaa vizuri kuliko hata kwa Zaituni.

Kosa langu ni hili, na nimelirudia moyoni tangu Ijumaa: sikukifunga kile kisanduku na kukifungua tena kabla ya kufuta. Yale mafaili matatu niliyafungua kisanduku kikiwa bado wazi. Mtoto wa darasa la tano angekumbuka kujaribu ufunguo kabla ya kutupa mlango wa zamani.

Ijumaa saa tano nikachomeka diski. Kikaniuliza neno. Nikaliandika polepole, kidole kimoja, nikitazama kila herufi: i, m, b, i, b, e, z, a, c, u. Kikajibu kwamba neno si sahihi. Nikarudia. Si sahihi. Nikajaribu kwa herufi kubwa, nikajaribu kwa kuacha nafasi katikati. Patron akanisogeza kando akaandika mwenyewe, kwa kidole chake kinene, akitamka kila herufi kama anayesomesha. Si sahihi.

Aliondoa kidole kwenye kibao, akakifuta kwenye suruali. Ningependa angenipigia kelele.

"Onésime," akasema, "neno mi nilikupa. Neno ni moja. Sasa neno yangu inakatala kufungua vitu yangu. Maana yake nini?"

"Sijui, Patron."

"Bon. Mi najua. Maana yake we uliweka neno yako."

"Patron, ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Niliona vitone. Vitone haviongeaki." Akavuta kiti akakaa tukawa uso kwa uso. "Nikuulize kitu. Gasorwe iko humo ndani, sindio? Na shamba ya mama yako iko humo. Vipimo vikipotea, vigingi vikitembea, nani atapata faida? Mi? Zaituni?"

Nilijaribu kumwambia kwamba wewe ndiwe uliyetaka kupimwa, kwamba bila vipimo hivyo wewe ndiwe wa kwanza kupoteza. Zaituni ndiye aliyesema, akiwa mlangoni, "Patron, huyu hata kuiba chai ya ofisi anaogopa." Patron akamwambia arudi mezani kwake.

Kisha akanipa masharti. Jumatatu saa tatu nije na neno. Nikija bila neno, atanipeleka polisi, na huko, alisema, nitalikumbuka nikiwa kasho. Kasho ni mahabusu, Mama, ndivyo wanavyoita huku. Diski ameifungia kwenye sanduku la chuma, kwa hiyo hata kujaribu siwezi mpaka kesho.

Tangu hapo nimeandika kwenye karatasi kila neno ambalo ningeweza kuwa nimekosea. Nimejaza kurasa nne. Labda niliruka herufi moja. Lakini ningeirukaje mara mbili, na vitone vikawa kumi? Labda diski imeharibika. Labda mfumo mpya juu ya mashine kongwe hauelewani na kisanduku, na fundi aliyesema tununue mpya alikuwa anajua anachosema. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu kama ni hivyo hakuna neno lolote duniani litakalofungua.

Zaituni amenigongea mchana huu na sahani ya wali. Ameikuta ya jana bado imejaa.

"Kula," ameniambia. "Kasho haina wali."

"Zaituni, usinitanie leo."

"Nisikutanie, nikulilie? Sema: uliweka neno ingine?"

"Hapana."

"Basi kula. Mutu hakuiba anakulaka."

Nimekula kidogo. Sasa naomba unisikilize katika mambo haya. Wakikwambia nimekamatwa, usije Gitega, goti lako halitavumilia safari. Usiuze mbuzi. Mwite Mjomba aje badala yako. Na ukimaliza kusoma, tafadhali, pita shambani uangalie kama vigingi vyote bado vipo.

Hapana, Mama, nimekosea, na sitaki kulifuta nililoandika ili uone ninavyofikiri vibaya nikiogopa. Usiende peke yako. Ukionekana peke yako karibu na kigingi, ndilo jambo lile lile alilosema Patron. Nenda kwa Mzee Sabasi, mwambie ukweli wote kama nilivyouandika, kisha mwende mkaangalie pamoja, yeye mbele na wewe nyuma kama siku ile. Nimeandika hapo juu kwamba sitaki asikie. Nataka asikie, lakini kutoka kwako, na si dukani.

Naiacha hapa kwanza. Mkono umechoka.

Jumatatu, jua linazama

Mama, sikukamatwa. Nimeanza na hilo ili usisome kwa haraka.

Leo nilifika ofisini kabla ya wote, nimevaa ile sweta nzito, kwa sababu Zaituni aliniambia huko kasho kuna baridi. Saa tatu Patron akatoa diski kwenye sanduku la chuma. Niliandika neno, si sahihi. Nilipitia zile kurasa zangu nne, mstari kwa mstari, yeye akiwa amekaa pembeni amekunja mikono. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna lililokubali.

"Ça va," akasema. "Umemaliza. Sasa tuandike."

Alitaka niandike maelezo ya kukiri, kwenye kompyuta, halafu nitie sahihi, halafu twende nayo. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama niandike kwa Kifaransa.

"Andika na Kiswahili yako ile ya Tanzania. Kesho usiniambie Kifaransa ilikupita. Andika: mimi Onesmo, karani wa ofisi hii. Na uniangalie mi nikisema. Usifiche uso huko chini."

Hilo ndilo jambo, Mama. Usifiche uso. Kwa miaka miwili sijaandika bila kuinamia herufi. Leo aliniamuru nimtazame usoni, nikamtazama, na vidole vikaandika peke yao. Nilivisikia vikienda haraka kama zamani, bila kusitasita. Zaituni alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika faili ambalo halikuwa na kazi yoyote. Ghafla akaguna.

"Hiyo ni lugha gani? Ya Kigoma?"

Nikageuka nikatazama kioo. Nakunakilia kama ilivyokuwa:

?i,i Ones,o; kqrqni zq ofisi hii

Patron akasema, "Na sasa unanichezea."

Nilikuwa natazama lile *?i,i*. Mama, ni *Mimi*. Kule tulikosomea, chini ya kidole hicho kuna M. Hapa M imehamia mahali pengine, na mahali pake wameweka alama ya mkato, na ukibonyeza ya herufi kubwa inatoka alama ya kuuliza. A ya kule hapa ni Q. Z ya kule hapa ni W. Vidole vyangu viliandika Kiswahili safi kabisa, lakini viliandika juu ya kibao cha Tanzania ambacho hakipo.

Kisha nikakumbuka ile karatasi ya herufi kubwa. Siku ya kufunga kisanduku Patron aliishikilia karibu na kioo, na macho yangu yalikuwa kwenye karatasi, hayakuwa kwenye herufi. Niliandika mara mbili bila kutazama chini. Vitone kumi, na vitone kumi.

"Patron," nikasema, "neno lako niliandika. Ila niliandika kwa mikono ya Tanzania."

"Unasema nini?"

"Naomba unipe diski. Mara moja tu. Likikataa, nitamaliza yale maelezo na kutia sahihi."

Akanitazama, akatazama kioo, akamtazama Zaituni kana kwamba yeye ndiye hakimu. Zaituni akainua mabega. Diski ikachomekwa. Lakini sasa, Mama, nilipojua ninachotaka kufanya, vidole viligoma. Nilipotazama chini, vilikwenda kwenye herufi za hapa. Nilipotazama juu, niliogopa, nikasita katikati, nikakosea. Si sahihi. Nikafuta jasho.

"Zaituni," nikasema, "nipe kitambaa."

"Ya kulia?"

"Ya kufunika mikono."

"Eh! Patron, anataka kufanya uchawi kwenye machine." Lakini alikwisha kuuvua mtandio wake wa mabegani. Akautandaza juu ya mikono yangu na kibao, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha kiberiti.

Mama, chini ya kile kitambaa nilikuwa tena kwenye lile darasa la bati, na kitenge chako cha bluu, na mwalimu anapita katikati ya madawati na rula. Nikavipanga vidole. Sikuwaza herufi, niliwaza neno. Imbibezacu. Nikabonyeza.

Kikafunguka.

Mafaili yalijipanga kwenye kioo, kilima baada ya kilima. Nilisikia Zaituni anamshukuru Mungu kwa Kiarabu. Mimi nikavua ile sweta nzito.

Patron hakufurahi mara moja. Alisema, "Fungua Gasorwe." Nikafungua. "Fungua ya mama yako." Nikaifungua ramani yako, na ya Mzee Sabasi iko ubavuni mwake. Akatoa mfukoni kijitabu kidogo ambacho sikujua anacho, ambamo anaandika urefu wa upande mmoja mmoja tu wa kila shamba, akalinganisha wa kwenu na ule wa kwenye kioo. Akalinganisha mara ya pili. Nilimngoja. Ulilingana, Mama. Mstari unapita hapa, na hapa, halafu pale kwenye jiwe, kama mlivyoonesha.

Akakifunga kijitabu. Kisha akaketi mbele ya kibao, akaniambia, "Nioneshe." Nikamwonesha herufi zilizohama. Akaandika neno lake taratibu kwa kidole chake kinene, kwenye ukurasa mtupu, kwa herufi zile ambazo vidole vyangu vilibonyeza: *i,bibewqcu*. Akalitazama.

"Iyi si neno," akasema. "Iyi ni mutu anakohoa."

Zaituni alicheka mpaka akaenda nje. Na mimi nikacheka, na sijui kama ilikuwa kucheka.

Sitakudanganya kwamba aliniomba radhi. Alibadilisha neno la siri, na safari hii aliandika mwenyewe, na akaniambia nigeukie ukutani. Niligeuka. Nilisimama nikitazama kalenda wakati anatafuta herufi moja moja, na hilo liliniuma kuliko vitisho vya polisi. Kisha akaniamuru nikifunge kisanduku na yeye akifungue, mara tatu, nami nikiona tu kwamba kimefunguka. Hilo ningelipendekeza mwenyewe, lakini kinywa changu hakikuwa na haki ya kupendekeza chochote leo. Yale maelezo ya kukiri aliniambia niyafute. Nikayafuta.

Alipokuwa anatoka kwenda kula, alisimama mlangoni akachezea funguo zake.

"Onésime. Na ile machine ya tatu? Utaiweka mfumo lini?"

"Wiki hii, Patron. Nikishajaribu kila kitu kabla ya kufuta."

"Bon," akasema. "Kunywa kwanza chai."

Nadhani hiyo ndiyo radhi yenyewe, na nimeipokea.

Mchana alinipa ruhusa ya kuchapisha ramani za kilima chetu kwa programu mpya, juu ya mashine kongwe, na zimetoka safi. Ametia muhuri. Ndani ya bahasha hii utakuta mbili: yako, na ya Mzee Sabasi. Naomba usiitazame ya kwako peke yako. Mpelekee ya kwake kwanza, bila kuikunja, mzitandaze zote mbili mezani pake mzione zinavyokutana. Na yale niliyoandika jana msomee vilevile, hata pale nilipokutuma peke yako kwenye vigingi. Afadhali ajue niliwaza hivyo na nikajirudi, kuliko kuja kujua baadaye kwamba niliwaza hivyo.

Ulipokuwa unanikatia kile kitenge ulilalamika kwamba ninaharibu nguo nzuri kwa mchezo wa kufunika mikono. Kama kipande kimebaki popote, hata kilichofunika mtungi, mpe fundi wa baiskeli anirudishie. Mtandio wa Zaituni siwezi kuomba kila siku, na ameshaanza kusema nimlipe kwa kumfundisha kuandika bila kutazama.

Nisalimie Bibi, mwambie nimekula wali wa watu na bado naukumbuka muhogo wake. Nisalimie mdogo wangu Neema na watoto wake wa chekechea. Awafundishe herufi za pande zote mbili. Nisalimie Mjomba na mikono yake ya grisi, mshukuru kwa kunitafutia mbeba barua. Msalimie Mzee Sabasi kwa heshima, na umwambie muwa wake nilionja pia, ulinipa kipande bila yeye kuona.

Nimeandika barua yote hii kwa kalamu, Mama, kwa sababu leo sikiamini kibao chochote. Kwenye karatasi M inakaa pale ninapoiweka.

Ni mimi, na nimetazama vizuri nilipoandika hivyo,

Mwanao Onesmo